Mtafsiri wa Mpunguzi

Barua ilisomwa mbele ya watu. Sista Evarista hakukusudia iwe hivyo, ila ofisi yake pale kituo cha watoto, njia ya Kondoa, ilikuwa chumba kimoja tu, na wazazi wengine watano walikuwa wamebanana kwenye benchi wakisubiri zamu zao. Alivaa miwani, akakisogelea kioo cha kompyuta, akaanza kuitoa kwenye Kiingereza na kuileta kwa Kiswahili sentensi moja moja.

"Wanasema hivi, Mama Brightness. 'Tumelipokea faili la mtoto Brightness Denis, umri miaka tisa. Tunasikitika kuwaarifu kwamba madaktari wetu wa Italia wanakuja kwa ajili ya watoto waliopata mshtuko. Taarifa mliyotuletea inaonyesha kwamba mtoto huyu...'" Sista akasita, akashusha sauti, lakini chumba kilikuwa kimenyamaza na kila mtu akasikia. "'...ana upungufu mkubwa wa akili. Kwa hiyo hatuwezi kumpa nafasi.'"

Mama mmoja kwenye benchi aligeuka akamtazama Brightness, kisha akamvuta mwanawe karibu na goti lake, taratibu, kama mtu anayesogeza chombo kisimwagikiwe. Brightness aliona. Alikuwa amesimama ubavuni mwa mama yake na sketi yake ya shule, na macho yake yakatoka kwa yule mama yakaenda sakafuni. Hakusema kitu. Alikuwa hajasema kitu kwa mtu yeyote kwa miaka mitatu.

"Sista," mama yake, Evodia, alisema, "huyu ana akili. Anasoma. Anaandika. Mimi nikiuza mafuta ya alizeti pale Majengo, yeye ndiye anayenipigia hesabu kwenye daftari, na hakosei."

"Mimi nakuamini, mama. Karatasi ndiyo iliyosema."

"Karatasi ipi? Ile ya daktari wa Bujumbura?"

"Hiyo hatujaisoma. Ni ya Kifaransa. Waliyoisoma wao ni ile tafsiri ya Kiitaliano uliyoileta."

Evodia alihisi uso unamwaka. Tafsiri ile aliichapisha kwa Khamisi, mwenye duka la steshenari mtaa wa pili kutoka kibanda chake. Aliipenda kwa jinsi ilivyokuwa safi, kurasa kumi na moja zimebanwa kwa pini.

Sista aliteremsha barua kwa kidole hadi chini kabisa. "Ngoja. Kuna aya nyingine. 'Iwapo familia inaona kuna kosa, inaweza kuleta tafsiri mpya kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Iwe imesainiwa na mtaalamu wa saikolojia au afya ya akili mwenye usajili, anayekijua Kiitaliano.'" Akavua miwani. "Leo Jumatatu, Mama Brightness."

"Nimesikia," Evodia akasema, akamshika mwanawe mkono. Mlangoni aligeuka akawaambia wale wa kwenye benchi, bila kumtazama mmoja wao, "Siku njema."

Khamisi hakukana. Aliiweka kalamu chini, akaishika ile nakala ya Kifaransa kwa mikono miwili.

"Mama, mimi Kifaransa sijui. Nilipiga picha kila ukurasa, nikaipa simu, simu ikaleta Kiitaliano. Nilijua hizi lugha ni ndugu, zitasikilizana zenyewe."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza, mama." Kisha akaona aibu kwa jibu lake mwenyewe. Alifungua droo, akatoa zile elfu arobaini alizolipwa, akazisukuma juu ya kaunta. "Chukua. Nenda Chimwaga, chuoni. Kuna walimu wa Kifaransa kule. Nenda kesho asubuhi, usikae."

Asubuhi ya Jumanne Evodia alipanda bodaboda na Brightness katikati, na dumu la lita tano la mafuta ya alizeti mapajani, maana haendi mtu kuomba msaada mikono mitupu. Getini mlinzi alilitazama dumu.

"Mama, biashara hairuhusiwi humu ndani."

"Si biashara. Ni zawadi ya mwalimu."

"Mwalimu gani?"

"Wa Kifaransa."

"Anaitwa nani?"

Evodia hakujua. Mlinzi alicheka, si kwa ubaya, lakini wanafunzi waliokuwa wakipita nao wakacheka. Dumu likabaki getini chini ya kiti chake. Walizunguka majengo mawili, wakaulizia ghorofa tatu, na ilipokaribia saa tano wakafika kwenye mlango ulioandikwa jina Anitha. Ndani alikuwemo binti wa miaka ishirini na minane hivi, mwalimu msaidizi, akisahihisha mitihani na kula karanga.

"Shikamoo, mama. Karibu. Nani aliyekuelekeza kwangu?"

"Hakuna. Nimegonga kila mlango."

Anitha alifuta mikono, akasikiliza habari ya barua na ya simu ya Khamisi, akaipokea ile taarifa. Alianza kuisoma akiwa ameegemea kiti. Kwenye ukurasa wa pili akaacha kuegemea. Kwenye ukurasa wa nne akachukua tafsiri ya Khamisi, akaziweka sambamba, kidole kimoja huku na kingine kule.

"Hapa wamesema mwanao ana upungufu wa akili?"

"Ndiyo."

"Mama, tazama." Alimwonyesha mahali ambapo karatasi ilikuwa imekunjwa mara nyingi, mkunjo ukapita juu ya neno na kulifuta nusu. "Simu imeona herufi tatu za mwanzo ikakisia zilizobaki. Imesoma *retard*, kuchelewa kwa akili. Lakini hili ni *retrait*. Maana yake kujitenga! Kujirudisha ndani, kama kobe! Na hapa chini ameandika wazi kabisa kwamba akili ya mtoto huyu ni ya juu kuliko umri wake!" Alikuwa amesimama. "Mama, mwanao ni mzima! Mwanao ana akili nyingi!"

Alisema kwa nguvu kiasi kwamba mtu alichungulia kutoka chumba cha pili. Evodia akakaa palepale sakafuni penye zulia na kumvuta Brightness kifuani. "Umesikia?" akawa anamwambia kichwani, kwenye nywele. "Umesikia mwalimu alivyosema?"

Kisha simu zikaanza. Anitha aliahirisha mitihani yake, akapiga Dar es Salaam kwenye ofisi moja ya watafsiri. Walitaka milioni moja na laki mbili, na siku kumi za kazi. Akampata bwana mmoja Arusha aliyezijua lugha zote mbili barabara, ila kazi yake ilikuwa mikataba ya magari. "Hayo ya saikolojia siyagusi," alisema yule bwana. "Nikikosea gari, watu wanagombana. Nikikosea mtoto, je?" Akampigia mhadhiri wa saikolojia wa hapohapo chuoni, Kifaransa hakijui, Kiitaliano hakijui, lakini aliwatakia heri. Saa tisa alasiri Anitha alikuwa ameandika majina kumi na manne na kuyakata yote.

"Mwenye lugha hana saikolojia," alisema, "na mwenye saikolojia hana lugha. Mimi naweza kukitoa Kifaransa nikakiweka kwenye Kiswahili. Upande wa pili ndio sina mtu." Aliinuka akachukua mkoba wake. "Twende nyumbani kwako, mama. Siwezi kukaa hapa na jambo hili."

Denis, baba yake Brightness, aliwakuta barazani kwao Chang'ombe jua likielekea kuzama. Alikuwa dereva wa gari la maji, boza la lita elfu kumi, na suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini kama siku zote. Aliwasikiliza wakiwa wanasimulia wote wawili kwa pamoja, huyu akimkatiza yule, na uso wake haukubadilika.

"Mwalimu, nakushukuru kwa wema wako," alisema hatimaye. "Lakini mimi nimechoka kumpeleka huyu mtoto kwa watu. Wachungaji wamemwombea, waganga wamemtazama, walimu wamemchapa wakidhani ni kiburi. Kila anayempokea anampa jina jipya. Tumwache. Atasema Mungu akipenda."

"Baba Brightness, hawa wanakuja mara moja kwa mwaka," Evodia akasema.

"Na wanataka mtu ambaye hayupo. Dodoma hii, mtu wa Kiitaliano na magonjwa ya akili? Utamtoa wapi?"

"Walikuwepo mapadri wa Kiitaliano huku," Anitha alisema. "Walikuwepo madaktari. Lazima wameacha mtu. Mzee fulani, mpishi, muuguzi. Hata mtu anayesalimia tu *buongiorno*, tuanzie kwake."

Denis alikuwa ameinama akivua viatu. Akatulia na kiatu kimoja mkononi.

"Semeni tena hilo neno."

"*Buongiorno.*"

"Hilo silijui. Lakini kuna mzee mmoja Mpunguzi, mkulima wa zabibu. Nampelekea maji kila wiki. Nikirudisha gari nyuma kati ya mistari ya mizabibu yake huwa anapunga mkono, 'Piano, piano! Piano, piano!' Miaka miwili nadhani ni Kigogo cha ndani ndani."

Anitha aliruka kutoka kwenye kigoda, karanga zikamwagika. "Piano piano ni pole pole! Kiitaliano! Baba, huyo mzee alikuwa anafanya kazi gani?"

"Sijawahi kumwuliza," Denis alisema, na kwa mara ya kwanza jioni ile alitabasamu, kwa haya, kama mtu aliyekuta amekalia kitu kilichokuwa kinatafutwa na nyumba nzima. "Mimi namwuliza tu maji nimwagie wapi."

Saa mbili asubuhi ya Jumatano boza lilishika njia ya Iringa likiwa na watu wanne kwenye kiti cha mbele. Denis alikuwa ameomba zamu ya kupeleka maji Mpunguzi kabla ya siku yake. Njiani hakuna aliyenyamaza isipokuwa Brightness, na hata yeye alikuwa ameshikilia dashibodi kwa mikono yote miwili, akiinua shingo kila walipopita shamba la zabibu.

Mzee Ndahani alitoka na kofia ya pama, mrefu, mwembamba, amevaa koti juu ya msuli.

"Mbukwa, mzee," Denis alimsalimu.

"Mbukwa. Leo si siku yangu ya maji. Na hawa?"

Anitha hakungoja. Alipiga goti, "Shikamoo, mzee," kisha akatoa sentensi moja ya Kiitaliano aliyokuwa ameikariri kutoka kwenye simu usiku kucha. Mzee alimtazama muda mrefu. Kisha akacheka hadi akalazimika kushika nguzo ya mzabibu.

"Binti yangu, umeniambia kwamba wewe ni stesheni ya treni. Lakini sauti ya lugha ile, eh! Miaka kumi na moja sijaisikia sauti hiyo."

Waliketi kibarazani. Mkewe akaleta uji. Habari yake ikatoka kidogo kidogo: muuguzi wa magonjwa ya akili, kijana wa misheni, akapelekwa Italia mwaka themanini na nne, akakaa miaka mitatu katika wodi ya watoto. Akarudi, akafanya kazi miaka ishirini na sita na madaktari wa Kiitaliano hadi wa mwisho wao alipoondoka. Usajili wake bado ulikuwa hai. Siku mbili kwa wiki alikaa zahanati ya kijiji. Alipoitoa kadi yake kutoka kwenye bahasha ya plastiki, Evodia aliitazama kwa jicho la mtu anayetazama cheti cha ardhi.

Lakini mzee alipoisoma ile tafsiri ya Khamisi uso wake ulikunjamana. Aliiweka chini.

"Hapana. Mimi si mtafsiri. Kifaransa sikijui. Mnataka niweke jina langu juu ya maneno nisiyoyaona? Hiki hapa ndicho kinachotokea mtu akifanya hivyo. Wamemfunga mtoto kwa neno moja."

"Mzee, mimi nitakusomea kwa Kiswahili," Anitha alisema. "Kila neno. Ukiniuliza mara kumi nitakueleza mara kumi."

"Na Kiswahili chako cha saikolojia kikoje?"

Anitha alisita. "Si kizuri."

"Angalau umesema kweli." Alimgeukia Brightness, ambaye alikuwa anawatazama kuku wa mzee. Hakumwuliza jina, wala hakumwambia 'hebu sema shikamoo babu' kama wanavyofanya watu wazima wote. Alimwambia tu, "Yule mwekundu anapenda kukunwa mgongoni. Yule mweupe usimguse, ana kiburi." Brightness akaenda moja kwa moja kwa mwekundu.

Mzee alimfuata kwa macho. Alipotazama tena mezani alikuwa ameshakwisha kuamua. "Njooni kesho saa moja. Mje na kompyuta. Na mama awepo muda wote. Sitafsiri maisha ya mtu akiwa hayupo."

Alhamisi walifanya kazi chini ya kichanja cha zabibu, meza ikiwa mlango wa zamani uliowekwa juu ya mapipa. Anitha alisoma Kifaransa kimoyomoyo, akakitoa kwa Kiswahili kwa sauti. Mzee Ndahani alifumba macho, akayageuza maneno kichwani, kisha akayatoa kwa Kiitaliano polepole huku Anitha akiyachapa herufi moja moja, na kamusi yake ya mwaka themanini na nne ikipigwa na upepo kurasa. Betri ilipokaribia kuisha Denis aliwasha injini ya boza, akavuta waya kutoka kwenye betri ya gari, na saikolojia ikaendelea kwa nguvu ya dizeli.

"'Tangu siku ya tukio mtoto amepigwa na bumbuwazi,'" Anitha alisoma.

"Bumbuwazi la namna gani? La mtu aliyeshangaa au la mtu aliyeganda?"

"Kifaransa kinasema kama aliyepigwa na nyota."

"Basi ameganda. Kuna neno la Kiitaliano karibu sana na bumbuwazi, lakini kwa daktari neno hilo ni ugonjwa mwingine kabisa, atampa dawa nyingine. Andika 'kama aliyegandishwa na baridi'. Hapo hawatapotea."

Waligombana juu ya maneno kama wanunuzi na wauzaji wa mahindi. Wakapatana, wakapigana tena. Mara mbili mzee alisimama akatembea hadi mwisho wa mstari wa mizabibu akijisemea peke yake, kisha akarudi mbio, "Nimelipata! Nimelipata! Chapa kabla halijanikimbia!" na Anitha akapiga makofi. Hata Evodia, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa na kusikiliza, alijikuta ameinuka kwenye kiti kila neno gumu lilipokaribia, kama mtu anayetazama penalti.

Kwa miaka miwili alikuwa amezibeba karatasi zile kutoka nyumba hadi nyumba, akizikunja na kuzikunjua, bila kujua zimesema nini. Daktari wa Bujumbura aliahidi kumweleza kikao cha mwisho. Lakini Denis aliachishwa kazi ya malori, wakarudi nyumbani Tanzania ghafla, na taarifa wakapewa na karani dirishani ndani ya bahasha. Sasa aliisikia kwa lugha yake. Ilimweleza mwanawe anavyolala, anavyokula, anavyoshika penseli. "Ndivyo," alikuwa akisema. "Ndivyo alivyo. Huyu daktari alimwona."

Ukurasa wa sita Anitha aliusoma kimya, na Kiswahili hakikutoka. Akaurudia.

"Kuna nini?" mzee akauliza.

"Mzee, sijui kama..."

Mzee Ndahani alitazama nyuma. Brightness alikuwa mbali, mwisho wa shamba, na mke wa mzee, wakichuma majani makavu. "Soma," alisema. "Mama yupo. Soma taratibu."

"'Mtoto amechora mchoro uleule mara tisa. Ukuta, mvulana mdogo, na mdomo mkubwa mwekundu. Katika kikao cha kumi na nne nilimwuliza mdomo ule ni wa nani. Akajigusa. Mtoto anaamini kwamba alipomwita mdogo wake, mdogo wake alisimama kumsikiliza, na ndipo ukuta ukamwangukia. Kunyamaza kwake si kushindwa kusema. Ananyamaza ili asimwue mtu mwingine.'"

Injini ya boza ilikuwa inanguruma. Denis alikwenda akaizima. Mtoto wao wa pili, Elisante, alikuwa na miaka minne siku mvua ilipouangusha ukuta wa jirani.

"Ni mimi niliyemtuma Brightness," Evodia alisema. Hakuwa analia. "Alikuwa anacheza kamba, hakutaka. Nikamwambia, nenda kamwite mdogo wako mvua inakuja. Akaita kidogo. Nikamwambia, ita kwa nguvu akusikie." Alimtazama mumewe. "Baba Brightness, mimi ndiye niliyemwambia aite kwa nguvu. Na miaka yote hii namwambia sema, mwanangu, sema. Namshurutisha tena jambo lilelile."

Denis alikwenda akasimama nyuma ya kiti cha mkewe, akamwekea mikono mabegani, na ikabaki pale.

"Nimwambie?" Evodia alimwuliza mzee. "Au nitaharibu?"

Mzee Ndahani alifikiri. "Daktari ameandika hapa kwamba mama aambiwe kwa uangalifu. Umeshaambiwa. Mwambie ukweli ulivyo, mfupi. Usimwombe aseme chochote. Na usihamishe mzigo tu kutoka kichwani kwake kuuweka kichwani kwako. Atauona, atakuja kuubeba tena."

Evodia alikwenda kati ya mistari ya mizabibu, na mke wa mzee alipomwona akaondoka bila kuulizwa. Alichuchumaa.

"Brightness, siku ile mimi ndiye niliyekutuma. Unakumbuka? Mimi nilisema ita kwa nguvu. Ulifanya nilichokutuma. Na sauti haiangushi ukuta, si yako si yangu. Maji yaliuchimba chini wiki nzima, sisi hatukuona."

Mtoto aliunyoosha mkono haraka na kuufunika mdomo wa mama yake. Kiganja kilikuwa na vumbi na harufu ya majani. Aliubana kwa nguvu, macho yamemtoka, akitazama nguzo, akitazama vichanja, akitazama ukuta wa nyumba ya mzee kule mbali.

Evodia hakuutoa mkono ule. Alisema nyuma yake, maneno yakitoka mazito kwenye vidole. "Nasema, mwanangu. Bado nasema. Tazama, hakuna kilichoanguka. Nasema na kuku wanakula. Baba yako yule pale. Nasema."

Ilichukua muda mrefu. Kisha mkono ukalegea, ukashuka, ukakaa kwenye bega la mama.

Kwa ruhusa ya Evodia mzee aliongeza mistari mitatu chini ya ukurasa wa sita, akaitenga na taarifa, juu yake akaandika kwamba ni maelezo ya mtafsiri. Ilisema kwamba mama amesikia mambo haya kwa mara ya kwanza wakati wa tafsiri hii, kwamba ni yeye aliyemtuma mtoto, na kwamba amekwisha kumwambia.

Ijumaa saa tano na dakika ishirini neno la mwisho likapatikana. Mzee alisaini kwa peni, namba ya usajili chini, Anitha akapiga picha ya sahihi, akaunganisha, akabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka kwenye simu. Kikazunguka. Mpunguzi ilikuwa na mtandao asubuhi na jioni. Mchana ulikwenda unakokwenda.

"Juu!" Denis alisema. "Huwa napiga simu nikiwa juu ya tangi!"

Alimbeba Anitha kwa kiuno akamtupa kwenye ngazi ya boza. Mwalimu wa chuo kikuu alipanda tangi na viatu vyake vya ofisini mkononi, akasimama juu ya mfuniko, akainua simu mbinguni. Saa tano na arobaini. "Vijiti viwili! Hapana, kimoja!" Mzee alikuwa chini anapiga kelele, "Piano, piano, usianguke!" na mkewe anasali kwa Kigogo. Brightness alikuwa ameshapanda nyuma ya mwalimu, ameshika sketi yake isipepee, akiitazama ile simu kama anaisukuma kwa macho. Saa tano na hamsini na mbili.

"Imekwenda!" Anitha alipiga yowe. "Imekwenda! Imekwenda!"

Denis alipiga honi ya boza mfululizo hadi mbuzi wa jirani wakakata kamba.

Jibu lilifika Jumatano iliyofuata, na Sista Evarista hakumwita mtu ofisini. Alikuja mwenyewe Majengo kwa bajaji, akapita kati ya magunia ya ulezi na vibanda vya vitunguu, shela imekaa upande, hadi kwenye kibanda cha mafuta.

"Mama Brightness! Mmepata!"

"Amepata?"

"Mmepata, wote wawili. Wamesoma ukurasa wa sita. Wanataka mama na mtoto pamoja, wiki sita, mlale kituoni. Wanasema hawajawahi kupokea tafsiri kama hii. Na wana mafaili mengine manane ya Kifaransa, ya watoto wa Kongo, wanamtaka huyohuyo mzee na huyohuyo mwalimu, na watawalipa." Alishika pumzi. "Nani huyu Ndahani? Nimekaa Dodoma miaka kumi na tisa sijawahi kumsikia!"

Khamisi alitoka dukani mbio kuuliza kuna nini, na alipoambiwa akalia pale njiani, mtu mzima, kalamu sikioni. Muuza vitunguu alimkumbatia bila kujua anafurahia nini. Evodia alicheka, akalia, akampimia mteja lita mbili badala ya moja na kukataa nyongeza.

Jioni alikaa chumbani na Brightness, begi likiwa wazi kitandani. Julai Dodoma ina baridi yake, na kituo kiko mahali pa wazi, upepo haupumziki. Mtoto alikuwa ameanza kupanga kabla mama hajaketi: sketi mbili, daftari, penseli za rangi, kanga ya kulalia. Alizikunja vizuri, akazitoa, akazikunja upya.

"Mbona haraka hivyo?" Evodia alisema, akiwa anakunja blauzi. "Bado siku kumi na mbili."

"Najua."

Neno lilitoka kavu, la kukwaruza, limeelekezwa ndani ya begi. Evodia hakuinua kichwa. Mikono yake ikaendelea kuikunja blauzi ileile, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, kola, akaiweka chini, akainyoosha kwa kiganja.

"Haya," alisema, kwa sauti ya kila siku kadiri alivyoweza. "Basi nipe ile sweta ya bluu."